Kazi ya Chuoni Kwenye Barua ya Ufadhili: Isome Hivi Kabla ya Kwenda Doha

Barua ya kukubaliwa na chuo cha Doha ikifika, mara nyingi huandamana na barua ya pili, ile ya msaada wa fedha. Ya kwanza husomwa na ukoo mzima na kupigwa picha. Ya pili ndiyo inayoamua kama utamaliza masomo, na ndiyo inayostahili kusomwa mara tatu, kalamu mkononi. Ndani yake kuna mistari kadhaa: ufadhili, ruzuku, mkopo, na pengine mstari unaowachanganya wengi, wa kazi utakayofanya chuoni huku ukisoma. Kwenye barua ya Kiingereza utauona kwa jina la "work-study" au "student employment".

Shika jambo moja kabla ya mengine yote. Fedha ya kazi ya chuoni hulipwa baada ya kazi kufanyika. Haipunguzi karo siku ya kujisajili, haimo kwenye akaunti ya chuo ikikusubiri, na usipofanya kazi huipati. Umepewa shamba, hujapewa mahindi. Familia nyingi hujumlisha mstari huo pamoja na ufadhili, zikaona pengo limezibika, kisha Agosti ankara ya muhula inapotoka ndipo zinagundua kuwa fedha hazitoshi. Mwongozo huu umeandikwa ili hilo lisikupate.

Jua fedha inatoka wapi

Vyuo vingi vinavyowavuta vijana wa Afrika Mashariki viko Education City, upande wa magharibi wa Doha, chini ya Qatar Foundation, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1995. Humo kuna matawi ya vyuo vya Marekani: Virginia Commonwealth kwa sanaa na ubunifu (1998), Weill Cornell kwa udaktari (2001), Texas A&M kwa uhandisi (2003), Carnegie Mellon inayojulikana zaidi kwa kompyuta na biashara (2004), Georgetown kwa mambo ya kimataifa (2005) na Northwestern kwa uandishi wa habari na mawasiliano (2008). Texas A&M iliamua mwaka 2024 kulifunga tawi lake ifikapo 2028, kwa hiyo usipange miaka minne pale. Katika eneo hilohilo kuna Chuo Kikuu cha Hamad Bin Khalifa, na nje yake kuna Chuo Kikuu cha Qatar, kilichoanza mwaka 1973 kama chuo cha ualimu.

Jina la chuo lisikufanye udhani kwamba fedha ya serikali ya Marekani imekufuata Doha. Mpango wa serikali hiyo wa kazi na masomo ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1964, enzi za Rais Lyndon Johnson. Serikali huchangia ujira wa mwanafunzi, lakini walengwa ni raia wa Marekani na baadhi ya wakazi wenye hadhi maalumu. Mtanzania au Mkenya mwenye viza ya masomo haupati hata akiwa Boston. Huko huruhusiwa kufanya kazi za kampasi zinazolipwa na chuo chenyewe, zisizozidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Doha nayo, kazi ya mwanafunzi kwa kawaida hutegemea bajeti ya chuo, ya idara au ya mradi wa utafiti. Bajeti ikipungua, saa hupungua. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kutouhesabu mstari huo kama fedha ya uhakika.

Gawa barua katika mafungu manne

Chukua karatasi. Kila kiasi kilichomo kwenye barua kiweke katika moja ya mafungu haya:

1. *Fedha usiyorudisha.* Ufadhili wa ufaulu na ruzuku ya hali ya kipato. Uliza sharti lake: wastani gani wa alama unahitajika ili iendelee mwaka wa pili? Je, ikiwa karo itapanda, nayo itapanda?

2. *Fedha utakayorudisha.* Msaada wa Qatar Foundation kwa wanafunzi wenye uhitaji umekuwa kwa miaka mingi ukitolewa kwa sehemu kubwa kama mkopo usio na riba. Kukosa riba ni nafuu kubwa, lakini deni linabaki kuwa deni. Wahitimu wa Tanzania wanaoilipa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi wanajua uzito wake. Soma mkataba: marejesho yanaanza lini, yanakokotolewaje, na je, kufanya kazi Qatar baada ya kuhitimu kunapunguza deni? Ukiona kipengele cha namna hiyo, uliza ni waajiri gani wanaokubaliwa na ni kwa miaka mingapi.

3. *Fedha utakayoifanyia kazi.* Mstari wa kazi ya chuoni. Liache fungu hili peke yake.

4. *Fedha ya kwenu.* Mchango wa mzazi, wa mjomba, wa harambee, na akiba yako. Andika kilichopo mkononi tu. Kilichoahidiwa kiandike pembeni.

Usiweke mkopo wa HESLB wala wa HELB, bodi ya mikopo ya Kenya, ndani ya bajeti ya Doha mpaka uwe na jibu lao la maandishi. Bodi hizi ziliundwa hasa kwa ajili ya vyuo vya nyumbani.

Hesabu ya mfano

Tarakimu hizi nimezitunga kwa ajili ya kujifunza tu. Zako utazitoa kwenye barua yako. Riyali ya Qatar imefungwa kwa dola: dola moja ni riyali 3.64, kwa hiyo ubadilishaji ni rahisi na hauyumbi.

Tuseme karo ya mwaka ni riyali 220,000. Bweni, chakula, bima, vitabu na tiketi ya ndege ni riyali 45,000. Jumla ni 265,000. Barua inasema: ruzuku 120,000, mkopo usio na riba 100,000, kazi ya chuoni 7,000. Chini kabisa imeandikwa "jumla ya msaada: 227,000". Baba anatoa 227,000 kwenye 265,000, anapata pengo la riyali 38,000, na anaanza kutafuta fedha hiyo.

Hesabu sahihi ni nyingine. Msaada unaoweza kufika kwenye ankara ni ruzuku na mkopo, yaani 220,000. Pengo ni riyali 45,000. Zile 7,000 zitaingia kidogokidogo kwenye akaunti ya mwanafunzi, mwezi baada ya mwezi, na zitaishia kwenye chakula, nauli na vocha za simu.

Sasa tazama fungu la mkopo. Riyali 100,000 kwa mwaka, kwa miaka minne, ni riyali 400,000, karibu dola 110,000. Barua hutaja mwaka mmoja tu. Wewe zidisha kwa minne. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali yenyewe ni miaka yako ya ujana baada ya kuhitimu.

Kwa nini 7,000 huwa 4,800

Kiasi kilichoandikwa kwenye mstari wa kazi huwa ndicho kikomo cha juu. Katika mfano wetu, riyali 7,000 ni saa 10 kwa wiki, kwa riyali 25 kwa saa, kwa wiki 28. Wiki hizo 28 hazipatikani kirahisi.

Mgeni anayewasili Agosti kwanza hushughulikia ukaazi: vipimo vya afya, alama za vidole, kisha kitambulisho cha Qatar. Bila kitambulisho hicho, kufungua akaunti ya benki na kuingizwa kwenye orodha ya malipo huwa kugumu. Ukianza kazi katikati ya Septemba, saa zako zikapelekwa mwisho wa mwezi, malipo ya kwanza yanaweza kufika Oktoba. Kisha kuna wiki za mitihani, ambazo hupaswi kufanya kazi hata ukiruhusiwa. Kisha kuna Ramadhani, ambayo kwa miaka hii inaangukia muhula wa pili. Sheria ya kazi ya Qatar hupunguza kikomo cha kazi kwa wiki kutoka saa 48 hadi saa 36 katika mwezi huo, na ofisi za vyuo nazo hufupisha siku. Ofisi ikifungwa saa nane mchana na wewe una darasa mpaka saa saba, saa zako zimekwenda.

Ukibaki na wiki 24 za saa 8, kwa riyali 25, umepata 4,800. Pungufu ni riyali 2,200, zaidi ya dola 600. Kwa hiyo panga bajeti kwa theluthi mbili ya kilichoandikwa, na uje Doha na akiba ya matumizi ya angalau miezi miwili. Habari njema ni kwamba Qatar haitozi kodi ya mapato kwenye mshahara, kwa hiyo saa uliyofanya kazi hulipwa kamili.

Maswali ya kuiandikia ofisi ya msaada wa fedha

Uliza kwa barua pepe, upate jibu la maandishi. Wiki ya kazi Qatar ni Jumapili hadi Alhamisi. Ukiandika Alhamisi jioni, subiri hadi Jumapili. Saa za Doha ni sawa na za Nairobi na Dar es Salaam, kwa hiyo hata kupiga simu ni rahisi. Haya ndiyo maswali:

- Je, nimepewa kazi tayari, au nimepewa ruhusa ya kuiomba? Hili ndilo swali kubwa kuliko yote.
- Nisipopata kazi, je, mtaongeza ruzuku au mkopo, au pengo ni langu?
- Ujira ni kiasi gani kwa saa, na kikomo cha saa kwa wiki ni kipi?
- Malipo hufanyika mara ngapi, na yanaingia akaunti yangu au yanakatwa karo moja kwa moja?
- Je, wanafunzi wa mwaka wa kwanza huruhusiwa kufanya kazi tangu muhula wa kwanza?
- Alama zikishuka, je, ninapoteza kazi, ruzuku, au vyote viwili?
- Je, nitakachokipata kwa kazi kitapunguza msaada wangu wa mwaka ujao?
- Likizo ya kiangazi, kazi inaendelea? Na bweni?

Wakijibu kwamba umepewa ruhusa ya kuomba tu, andika sifuri kwenye fungu la tatu. Kitakachopatikana baadaye kitakuwa nyongeza ya heri.

Kibali: hapa usibahatishe

Mwanafunzi wa kigeni huishi Qatar chini ya udhamini, wa chuo au wa mzazi aliye na kazi nchini. Sheria Namba 21 ya mwaka 2015 kuhusu kuingia, kutoka na kuishi kwa wageni inakataza kumfanyia kazi asiye mwajiri wako bila idhini. Kwa hiyo kazi ya kampasi iliyopitia ofisi ya chuo ni jambo moja, na kazi ya mtaani ni jambo jingine kabisa.

Utakutana na vishawishi. Mtu atakwambia kuna nafasi ya kusimamia geti kwenye tamasha, kufundisha watoto nyumbani kwao, kupeleka chakula kwa pikipiki ya rafiki, kupiga picha za harusi. Anaweza kuwa ndugu wa nchi yako kabisa, mwenye nia njema. Usikubali mpaka ofisi ya ajira ya wanafunzi imekuambia kwa maandishi kwamba inaruhusiwa na kibali gani kinahitajika. Ukikamatwa unahatarisha ukaazi wako, na ukaazi ukivunjika masomo yamevunjika. Kama uko chini ya udhamini wa mzazi, kosa lako linaweza kumletea usumbufu naye. Mafunzo ya kazini kwenye kampuni, yawe ya malipo au bila malipo, nayo yapitie chuoni kwanza.

Chagua kazi itakayokufundisha

Ukishapata ruhusa, usichukue kazi ya kwanza inayojitokeza bila kufikiri. Ujira wa kazi za kampasi haupishani sana. Kinachopishana sana ni unachotoka nacho.

Dawati la mapokezi au la maktaba lenye wageni wachache hukupa nafasi ya kusoma, na linafaa muhula wa kwanza unapozoea masomo. Kituo cha uandishi, ambako wanafunzi huwasaidia wenzao kusahihisha insha, hunoa Kiingereza chako kuliko darasa lolote. Usaidizi wa somo kwa mwanafunzi wa mwaka wa chini hukulazimisha ulielewe somo mpaka kwenye mizizi. Dawati la huduma za kompyuta hukupa ujuzi unaouzika Dar es Salaam na Kampala. Kuwatembeza wageni na waombaji hukufundisha kusimama mbele za watu. Usimamizi wa bweni mara nyingi huambatana na nafuu ya nyumba. Uliza thamani yake, kwa kuwa nafuu hiyo inaweza kuzidi ujira wa saa kumi kwa wiki.

Kazi yenye thamani kubwa kuliko zote ni ya utafiti. Qatar ilianzisha mfuko wake wa taifa wa utafiti mwaka 2006, na miongoni mwa programu zake ilikuwamo ya kuwaingiza wanafunzi wa shahada ya kwanza kwenye miradi. Mwanafunzi aliyetumia mwaka mzima akichakata data za mwalimu wake hupata barua ya mapendekezo iliyoandikwa na mtu anayemjua vizuri, na pengine jina lake kwenye makala ya kitaaluma. Nafasi hizi hutangazwa kwa uchache. Mwendee mwalimu ofisini wiki ya pili ya muhula, mwambie umesoma nini alichoandika, na uliza kama anahitaji msaidizi.

Anza kuomba mapema, Agosti au wiki za mwanzo za muhula, kwa kuwa nafasi nzuri hujaa haraka. Andaa wasifu wa ukurasa mmoja. Usidharau ulichofanya nyumbani: kuuza dukani kwa shangazi, kufundisha madrasa, kuweka hesabu za kikundi cha vijana kanisani, vyote ni uzoefu. Ukishaajiriwa, andika saa zako kila siku na uzipeleke kabla ya siku ya mwisho. Ukichelewa, malipo husogea mwezi unaofuata. Na muhula wa kwanza usizidi saa nane au kumi kwa wiki. Ruzuku inayopotea kwa sababu ya alama ni kubwa mara nyingi kuliko ujira wowote wa dawatini.

Usiionee haya kazi hii. Mwaka 1959 wanafunzi 81 waliruka kutoka Nairobi kwenda Marekani kwa juhudi za mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya, na wengi wa kizazi hicho, pamoja na ufadhili waliokuwa nao, walilazimika kufanya kazi ili kupata fedha za kujikimu. Walirudi kujenga wizara, vyuo na hospitali. Kazi haikuwashusha hadhi. Walioumia ni wale ambao hakuna aliyewaeleza mapema kwamba ufadhili haukutosha.

Waeleze nyumbani mapema

Afrika Mashariki, neno Doha linajulikana kwa jambo moja: kazi. Kila mtaa una kijana anayefanya ulinzi, usafi, udereva au kazi ya hoteli Qatar, anayetuma fedha kila mwezi. Ukisema "nimepata kazi Doha", shangazi atasikia kazi ya namna hiyo. Atakayekuja kuomba ada ya mtoto wake hatakuwa na kosa, kwa sababu hakuna aliyemweleza.

Linganisha ili aelewe. Tangu Machi 2021 kima cha chini cha mshahara Qatar ni riyali 1,000 kwa mwezi, na mwajiri asiyetoa malazi na chakula huongeza 500 na 300. Mwanafunzi wa mfano wetu, kwa saa 10 kwa wiki, anapata takriban riyali 1,000 kwa mwezi katika mwezi uliokamilika, na kwa hiyo hujilisha, hununua vitabu na kulipa metro, ambayo safari moja ni riyali 2. Hakibaki cha kutuma.

Mpigie mama na umwambie wazi: "Shikamoo mama. Kazi niliyopata ni ya saa chache, ndani ya chuo, na inanitosha chakula na vitabu tu. Karo bado inategemea ruzuku, mkopo na mchango wenu. Naomba muhula huu msinitegemee kwa fedha, ili nisije nikafeli nikiwa natafuta." Mzazi akielezwa kwa heshima na kwa tarakimu hukuelewa, na yeye ndiye atakayewaeleza wengine.

Kabla ya kusaini

Futa mstari wa kazi kwenye karatasi yako, kisha jumlisha upya. Ikiwa ruzuku, mkopo na fedha iliyopo mkononi vinafunika muhula wa kwanza wote, na una njia inayoeleweka ya muhula wa pili, saini.

Ikiwa havifuniki, usisaini kwa matumaini. Iandikie ofisi kuomba barua ipitiwe upya, na uambatishe ushahidi wa hali ya kipato: hati ya mshahara, taarifa ya benki, barua ya serikali ya mtaa au ya chifu, hati ya kifo kama mzazi amefariki. Taja kiasi kamili kinachopungua, usiseme tu kwamba hali ni ngumu. Uliza pia kama unaweza kuahirisha kujiunga hadi mwaka unaofuata ili familia ijipange.

Na jibu likiwa hapana, chuo cha nyumbani unachoweza kukimaliza ni bora kuliko chuo cha Doha utakachokiacha mwaka wa pili ukiwa na deni na bila cheti. Kijana anayejua hesabu yake akachagua Dodoma, Nairobi au Makerere hajashindwa. Amechagua kuhitimu, na milango ya shahada ya uzamili ya Qatar itakuwa bado iko wazi kwake.